Nani Atakaa na Kezia

Mchungaji wenu ameniomba niwaandikie ninyi vijana mnaoanza kazi ya mlangoni. Alisema niandike kidogo tu. Ananijua vizuri, ndiyo maana alilirudia hilo neno "kidogo" hata alipokuwa ameshaanza kushuka ngazi. Nitajitahidi. Lakini mkiona ninarukaruka kutoka mwaka huu hadi ule, mnivumilie, kwa sababu hivyo ndivyo mambo yanavyonijia.

Nawaona kila Jumapili. Mnapendeza na fulana zenu za rangi moja na vile vidude vya masikioni, mmoja yuko mlangoni na mwingine mbele kabisa, mnanong'onezana "nafasi mbili, upande wa kulia." Sisi hatukuwa na vidude. Tulikuwa na kope. Mzee Yonasani, aliyenifundisha kazi hii, akikonyeza jicho la kushoto maana yake kuna nafasi upande wa kwaya. La kulia, upande wa madirisha. Akifumba yote mawili, kanisa limejaa, walete wasimame. Mama mmoja mgeni alikwenda kumshtaki kwa mchungaji kwamba kuna mzee mlangoni hana adabu. Ilibidi tumwite mama yule baada ya ibada tumweleze, na Mzee Yonasani alikataa kumwangalia kwa miezi mingi.

Huyo mzee alikuwa koplo wa polisi aliyestaafu. Mlango wa kanisa aliuendesha kama kituo cha polisi, ila bila rungu. Alisimama wima, visigino pamoja, viatu vinang'aa hata wakati ambapo dawa ya viatu haikupatikana popote Kampala. Baadaye nilikuja kujua alikuwa akitumia mafuta ya kupikia na masizi. Siku yangu ya kwanza nilisimama nikitabasamu kwa kila anayeingia, nikidhani ndiyo kazi. Akaniambia, "Mama Nafula, acha kuonyesha meno. Mtu akiingia usimwangalie uso. Uso watu wanauvaa kama nguo ya Jumapili. Angalia mikono."

Nilimwona kichekesho. Lakini jaribuni Jumapili ijayo. Mwenye mtoto mchanga, mikono yake inatafuta mahali pa kuweka mfuko. Huyo mpe ukingo wa benchi karibu na mlango, mtoto akilia atoke bila kukanyaga watu. Mwenye mikono mfukoni amegombana na mtu nyumbani. Mweke katikati ya benchi, asiweze kutoka kabla ya sala ya toba. Mwanafunzi anayeshika kichwa kila baada ya dakika, huyo jana alikuwa mahali, mfiche nyuma ya nguzo alale salama. Na mtu ambaye mikono inatetemeka usimuulize kitu. Mpeleke ukutani aegemee, kisha mtafutie wa kukaa naye.

Hilo la mwisho ndilo lilikuwa sheria kubwa ya Mzee Yonasani. Kwenye mlango wake hakuna mtu aliyeruhusiwa kukaa peke yake kwenye benchi. Alisema mtu akitaka upweke abaki nyumbani, huko hata sadaka hapitishiwi.

Sasa ni lazima niwaeleze kanisa lenyewe lilivyokuwa miaka ile ya utawala wa jeshi, maana ninyi mmelikuta na vigae na maegesho ya magari. Maegesho yale yalikuwa shamba la mihogo. Asubuhi kulikuwa na ibada ya Kiingereza, halafu ya Kiluganda, na sisi wa Kiswahili tukapewa saa ambayo hakuna mwingine aliyeitaka, ile ya jua kali na njaa. Waliokuja kwetu walikuwa wake wa polisi na wanajeshi, wengi wao watu wa kaskazini, pamoja na sisi Wakenya tuliofuata kazi za viwandani na madukani. Mume wangu alikuwa fundi mitambo. Tulitoka Bungoma tukapanga Bukoto. Kulikuwa na wanafunzi wa Kikenya pia, kutoka chuo cha Kyambogo, ambao walimpenda Bwana na walipenda zaidi chakula tulichopika baada ya ibada.

Leo Kiswahili mnakisikia redioni mnakiona kitamu. Wakati ule, mtu wa Kampala akisikia Kiswahili nyuma yake hakugeuka, aliongeza mwendo. Ndicho kilichodai kitambulisho kwenye vizuizi vya barabarani. Ndicho kilichogonga milango ya watu. Na sisi hicho hicho tukafungua madirisha ya kanisa tukaimbia, na majirani wakafunga yao.

Jumapili moja mama mmoja Muganda, amevaa gomesi yake imenyooka vizuri, alichelewa ibada ya Kiluganda akaingia yetu bila kujua. Nikamwambia kwa furaha zangu zote, "Karibu mama, ingia, kaa pale mbele!" Mama wa watu akasimama wima, akafungua mkoba, akaanza kunitolea vitu kimoja kimoja: leso, ufunguo, kitabu cha nyimbo, kitambulisho. "Tafadhari nnyabo," akasema, "mimi iko na hii tu. Hakuna ingine." Nilianza kucheka, kisha nikaiona mikono yake, kicheko kikaniishia mdomoni. Nikamrudishia vitu vyake, nikamshika mkono, nikamtoa nje kwenye hewa mpaka alipotulia. Tangu siku ile kila nisiyemjua nilimsalimu kwanza kwa Kiluganda, hiki changu kibovu ambacho hata watoto walikicheka. Nanyi fanyeni hivyo. Mpe mtu lugha ya kwao kwanza, halafu ndipo umwonyeshe kiti.

Bunduki nazo zilikuwa shida. Wanajeshi waliokuja kusali walikuja nazo, na hakuna semina iliyowahi kutufundisha bunduki inakaa wapi kanisani. Mzee Yonasani alikuwa na njia yake. Alipiga saluti, akanyoosha mikono miwili kwa upole kama anayepokea koti, akasema, "Afande, nikushikie, usichoke." Wengi walimpa kabla hawajafikiri. Aliziegemeza nyuma ya mlango wa chumba cha mchungaji, pale tunapoweka mafagio, na baada ya ibada alimrudishia kila mtu ya kwake. Mimi sikuthubutu kuzigusa. Nilikuwa nikifagia kanisa Jumamosi tu, ili Jumapili nisilazimike kwenda kuchukua fagio.

Nimezunguka sana. Niliyetaka kuwaeleza habari zake ni Kezia.

Kezia alikuwa mwanamke mrefu kutoka West Nile, Mkristo tangu kuzaliwa, ameolewa na Sajini Rajabu, Mwislamu, mtu wa kambini. Ndoa za namna hiyo zilikuwa nyingi katika kambi, na watoto wao walikula sikukuu zote bila kuuliza. Mumewe hakumzuia kusali. Kilichomzuia Kezia ni sisi. Alipoingia kanisani, mazungumzo yalikatika. Alipokaa, benchi likapungua watu pole pole; huyu amekumbuka kuwa jua linampiga, yule anakwenda kumsalimia shangazi mbele, na kabla ya wimbo wa kwanza Kezia amebaki peke yake. Hakuna aliyemwambia neno baya. Waliogopa tu kwamba watakachosema karibu naye kitafika kambini kabla ya chakula cha jioni.

Yeye alikuja mapema kila Jumapili. Alifuta vumbi la benchi kwa kitambaa chake, si mahali pake tu, benchi zima, mwisho hadi mwisho, halafu akakaa akangoja.

Nilitumia ufundi wangu wote. Niliwapeleka wanafunzi wa Kyambogo kwake. Walifika, wakamwona ni nani, wakapiga magoti kama wanaosali kidogo, kisha wakainuka wakaenda kukaa penginepo. Niliwapeleka waliochelewa, wakasema wao wamezoea kusimama dirishani. Mama mmoja mnene, ambaye ndiye kwa kawaida alikuwa wa kwanza kuhama benchi lile, aliniambia mgongo wake hauwezi benchi la upande ule. Nikamuuliza mgongo unajuaje pande. Hakunisemesha wiki nzima.

Siku moja baada ya ibada Kezia alinivuta pembeni, kwa ile sauti yake nzito.

"Mama Nafula, niambie kweli. Mimi iko na harufu?"

"Huna harufu, Kezia."

"Basi ni nini? Mimi nakuja kwa Mungu, hapana kuja kwa sababu ya ile bwana yangu. Mimi nataka mtu moja tu. Hata kama haongei. Akae tu."

Nilikaa naye siku nilizoweza, lakini mtu wa mlango hana Jumapili ya kukaa. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikamgombeza mume wangu bure.

Halafu Opio akachukuliwa.

Opio alikuwa mwalimu wa kwaya yetu. Siku za kazi alipiga tarumbeta katika bendi ya polisi, na alikuwa Mlango, yaani mtu wa kabila la Lango, kabila la rais aliyepinduliwa, na katika miaka ile kuwa Mlango peke yake kulitosha kuwa kosa. Walimtoa kazini mchana kweupe, tarumbeta lake likabaki juu ya kiti. Mkewe Jeni alizunguka ofisi zote alizozijua. Kila mahali walimwambia mtu huyo hawamjui.

Jumapili iliyofuata Jeni akaja kanisani na watoto wake wawili. Alikwenda kukaa pale pale alipokaa siku zote, benchi la tatu. Na mbele ya macho yangu nikaona mambo yale yale: jua, shangazi, mgongo. Benchi likamwagika mpaka akabaki yeye na watoto, anaangalia mbele kama asiyeona.

Vijana, msiwahukumu wale watu. Ni rahisi sana kuwahukumu leo mkiwa na simu zenu na katiba yenu. Kukaa na Jeni kulikuwa kuonekana na Jeni, na aliyeonekana alifuatwa nyumbani. Mimi mwenyewe niliogopa.

Lakini kanisa langu sasa lilikuwa na mabenchi mawili yenye mtu mmoja mmoja: mke wa aliyechukuliwa huku, mke wa mwanajeshi kule. Nikamtazama Mzee Yonasani. Alielewa nilichokuwa nafikiri, akatikisa kichwa: hapana, hapana. Ndiyo siku pekee ambayo sikumtii. Nikatembea hadi kwa Kezia, nikamwambia, "Inuka, nimekupatia mtu."

Tulipofika kwa Jeni, Jeni alimwangalia Kezia kuanzia miguuni hadi usoni.

"Mama Nafula, huyu? Mume wake ni moja na wale. Unaniletea huyu?"

"Ninakuletea mwanamke anayekaa peke yake, Jeni. Sina mwingine."

Kezia alisikia yote. Alisema taratibu, "Kama hapana taka, mimi narudi kule. Mimi nimezoea." Akageuka kweli. Aliyemzuia ni mtoto mdogo wa Jeni, ambaye siasa hakuijua, ila alikuwa ameona kwamba yule mama mrefu ana karanga zilizofungwa kwenye pembe ya leso. Alimshika gauni. Kezia akaangalia mkono ule mdogo, akamwangalia Jeni. Jeni akasogea kidogo, kidogo sana. Kezia akakaa.

Hawakuongea ibada nzima. Wakati wa sala ya mwisho, watu wote wameinamisha vichwa, nikamwona Kezia anainama zaidi kuliko wengine hadi sikioni mwa Jeni. Baadaye Jeni aliniambia alichoulizwa: jina kamili la Opio, na siku ile alikuwa amevaa nini. Jeni alijibu, kisha akakaa siku kadhaa akijuta, akidhani amemuuza mume wake.

Wiki iliyofuata, mahubiri yakiwa katikati, Sajini Rajabu akasimama mlangoni. Amevaa sare kamili, bunduki begani. Mchungaji alinyamaza katikati ya sentensi na hajaimalizia hadi leo. Mzee Yonasani alipiga saluti yake, akanyoosha mikono miwili, lakini sauti ya kusema "nikushikie" haikutoka. Basi nikasogea mimi.

"Karibu, Afande. Kuna nafasi nyuma."

"Hapana, mama. Mimi Muislamu, hapana ingia. Niitie bibi ya Opio."

Kanisa zima lilisikia. Jeni alisimama. Na Kezia akasimama naye, akamshika mkono, wakatembea pamoja mpaka mlangoni huku watu wakiangalia sakafu. Nilikuwa karibu, kwa hiyo nilisikia alichosema Sajini, tena kwa sauti ya chini kama mtu anayeona haya.

"Opio iko hai. Kesho asubuhi leta nguo safi, geti ya nyuma ya kambi, sema ni ya mtu ya tarumbeta. Usilie pale. Ukilia, mimi sikujui, wewe hunijui."

Akaondoka bila kumwangalia mkewe. Jeni alipiga magoti pale pale kizingitini, na Kezia akapiga naye, na mimi ninayejidai kuwa mwamba nililia mbele ya waumini wote.

Kumtoa Opio kulichukua muda, na nilikwisha kukata tamaa, lakini alitoka. Alikuja kwa miguu, amekonda, meno ya mbele hayapo. Tarumbeta halikumkubali tena, midomo ilikataa. Hilo lilimuumiza kuliko mengine yote aliyofanyiwa, na hajawahi kuyaeleza. Lakini mikono ilikuwa mizima, na kwaya huongozwa kwa mikono.

Mtadhani basi Kezia alipata watu. Alipata, tena wengi mno! Habari zilipoenea, benchi lake lilijaa kabla ya kengele. Huyu ana kaka aliyepotea, yule anatafuta sukari ya harusi, mwingine kibali cha kusafiri. Yule mama mnene mgongo ulipona ghafla. Nilikasirika kuliko nilipokuwa naona benchi tupu. Nikamwambia Kezia nitawahamisha wote, kazi hiyo naiweza. Akacheka. "Acha, mama. Najua wanataka nini. Lakini kelele ni nzuri." Alimsumbua mumewe kwa shida za watu mpaka Sajini akawa anamkimbia ndani ya nyumba yake mwenyewe, na Kezia alipopata msaada alisaidia, na mara nyingi hakupata.

Aliyekaa naye bila kutaka kitu alikuwa Jeni peke yake.

Kisha utawala ule ukaanguka. Milio ya mizinga ilisogea, ikasogea, na asubuhi moja wanajeshi wa Tanzania walikuwa wakipita barabarani na kutuita "ndugu." Ndugu! Kwa Kiswahili! Watu waliokuwa wakikikimbia Kiswahili walikikimbilia, wakawa wanatuomba tuwafundishe maneno mawili matatu ya kusalimia. Nilifurahi hadi nikacheza barabarani Ntinda, mimi mtu mzima mwenye watoto.

Lakini Sajini Rajabu alikuwa amekimbia kaskazini na wenzake, na Kezia alibaki Bukoto na watoto wake watatu. Na sasa walikuwapo watu wenye marungu wakipita nyumba hadi nyumba, wakitafuta familia za wanajeshi. Walikuwa na machungu ya kweli. Wengine walikuwa wamepoteza baba, wengine watoto. Baadhi ya mambo waliyotenda siku zile sitayaandika hapa.

Jumapili ya kwanza nilifungua mlango nikiwa peke yangu. Mzee Yonasani alikuwa mgonjwa. Kitu cha kwanza nilichotazama kilikuwa benchi la Kezia. Lilikuwa tupu. Nikajiambia amekimbia, na nikamwomba Mungu iwe hivyo. Halafu nikamwona Jeni, ambaye siku za karibuni alikuwa amejiunga na kwaya, amekaa huku chini bila joho, amezungukwa na watoto watano. Nilihesabu tena. Jeni ana wawili.

Ibada ilikuwa imeanza walipofika. Wanaume sita au saba hivi, vijana, jasho linawatiririka. Aliyetangulia akaniambia kwa Kiluganda kwamba mke wa sajini anasali hapa, wanamtaka. Mikono yangu, ile ambayo nimewafundisha kuangalia ya wengine, niliificha nyuma.

"Nyumba ya Mungu haina kufuli," nikamwambia. "Ingieni. Ila marungu hayo mniachie hapa. Hata bunduki tulizipokea."

Hawakuniachia. Waliingia nayo. Yule wa mbele akasimama kwenye njia ya katikati, akauliza kwa sauti kubwa, "Ni yupi?"

Hawakumjua kwa sura, mnaelewa? Walijua habari zake tu. Na kanisani mle kila mtu alimjua. Kidole kimoja kingetosha. Walikuwepo waliomwogopa, walikuwepo ambao kaka zao Kezia hakuweza kuwarudisha na waliamini hakutaka. Nilizunguka kwa macho uso hadi uso, nikitafuta ni nani atakayenyoosha mkono.

Yule mama mnene ndiye aliyesimama.

"Mwanangu," akasema, "umekuja wakati wa wimbo. Simama kando, unazuia watu kuona kwaya."

Akakaa. Hakuna mwingine aliyesema neno.

Hapo ndipo nilipoitazama kwaya vizuri. Katikati ya safu ya nyuma palikuwa na joho fupi, limeishia karibu na magoti, limevaliwa na mwanamke mrefu. Wanawake wa pembeni walikuwa wamembana kwa mabega pande zote mbili.

Opio aliwageukia wale wanaume, akawaangalia kwa utulivu na ule mdomo wake usio na meno ya mbele. Kisha akawapa mgongo, akainua mikono, na wimbo ukaanza.

Sasa ni lazima niwaambie kwamba Kezia hakuwa mwimbaji. Sauti yake ilikuwa nzito na ilitembea njia yake yenyewe. Na Opio alikuwa mtu ambaye akisikia sauti moja imepotoka husimamisha wimbo mzima, hata siku ya Pasaka, hata askofu akiwa amekuja. Tuliisikia sauti ile sote. Wale wanaume waliisikia. Kezia mwenyewe alijisikia, akafunga mdomo, na mtu asiyeimba katika kwaya anaonekana kuliko wote. Opio akamtazama yeye peke yake, akageuza kiganja juu, akakipandisha polepole: zaidi, ongeza. Kezia akafungua mdomo akaimba kwa nguvu zake zote, nje kabisa ya wimbo, na waliokuwa pembeni yake wakapaza sauti kumfuata huko huko alikokwenda.

Wanaume wale walisimama, wakatazamana. Mmoja akavua kofia. Wakatoka mmoja mmoja, wakanipita pale mlangoni bila kuniangalia. Wimbo ulipofika mwisho Opio aliurudisha mwanzo, akaurudisha tena, jicho lake likinitafuta mimi, mpaka nilipoona barabara ni tupu nikamkonyeza.

Ndipo aliposhusha mikono. Alijifuta uso kwa shati. Halafu akamnyooshea kidole Kezia mbele ya kanisa zima, kwa ile sauti yake ya ukali ambayo kwaya nzima iliiogopa.

"Wewe mama mrefu. Mazoezi ni Ijumaa. Usichelewe."